Kocha Aliyejua Kutazama

Siku hizi kocha mpya akikabidhiwa timu ya futiboli ya Kimarekani katika chuo kikuu cha huko, kazi yake ya kwanza ni kupekua orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama. Tangu 2021 kijana anaweza kubadili chuo na kucheza msimu unaofuata bila adhabu, na mwaka huohuo akaruhusiwa kulipwa kwa jina lake. Sina kinyongo na vijana kula jasho lao. Wamewatajirisha wengine muda mrefu. Ninachosikitikia ni ufundi unaokufa huku tukishangilia: ufundi wa kumtazama kijana uliyemkuta mpaka ukamwona.

Ara Parseghian alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alipopewa Notre Dame, kule Indiana, kwa msimu wa 1964, kulikuwa na sababu za kuguna. Chuo ni cha Wakatoliki, yeye Mpresbiteri, mwana wa Muarmenia; tena alipokuwa kocha wa chuo cha Northwestern aliifunga Notre Dame hiyohiyo mara 4 mfululizo. Timu yenyewe ilikuwa hoi. Mwaka 1963 ilishinda mechi 2 ikapoteza 7, na miaka 5 ilikuwa imepita bila msimu hata mmoja ambao ushindi ulizidi vipigo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni huyu hakuja na dawa mkobani. Aliikuta mlemle ndani, imekalishwa benchi.

Mtazame John Huarte. Alikuwa anaingia mwaka wake wa mwisho, na hadi hapo alikuwa amecheza kidogo mno, hata ile herufi ya chuo wanayopewa wachezaji hakuwa ameipata. Mrushaji mpira hufundishwa kuupitisha mkono juu ya bega. Huarte aliupitisha ubavuni, kiwiko kimeshuka, na mpira ukatoka chinichini. Kocha mwingine angemnyoosha mpaka amharibu. Parseghian aliona kwamba mpira unafika, na unafika mapema, akamwachia mkono wake. Waunda majahazi wa pwani yetu wanalijua hilo: mti uliopinda hawahangaiki kuunyoosha, wanautafutia mahali kwenye mataruma panapotaka mpindo uleule.

Kisha, mazoezini, kabla msimu haujaanza, bega la kijana likaumia. Madaktari wakashauri apasuliwe, na hapo mwaka wake ungekuwa umekwisha. Kocha akatafuta daktari mwingine, aliyeona liachwe lipone lenyewe. Likapona.

Mwenzake, Jack Snow, naye akapelekwa pembeni, kudaka mipira ya Huarte. Wakimbiaji wazito, ambao nyuma hawakufua dafu, wakahamishiwa kazi za kusukumana na kukaba. Mechi ya kwanza ikawa Wisconsin: 31-7. Wakashinda 9 mfululizo, na Huarte akatunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote nchini.

Mechi ya mwisho, Los Angeles, walikwenda mapumziko wakiongoza 17-0 dhidi ya chuo cha USC. Kipindi cha pili bao moja la Notre Dame likakataliwa kwa kosa la kushika, na ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 33, USC wakapata bao la ushindi: 20-17. Wengi huusimulia msimu ule kwa uchungu wa dakika hiyo. Mimi sioni kama iliupunguza. Ubingwa ulikuja 1966 na 1973, lakini 1964 ndiyo inayoonyesha kazi ya fundi, maana vijana walikuwa karibu walewale walioshindwa 1963.

Leo Huarte asingengoja benchi. Angejiandikisha kuhama mapema, na nani amlaumu? Kocha naye asingepewa nafasi ya kungoja. Novemba 2023 Texas A&M ilimwondoa kocha wake, Jimbo Fisher, huku mkataba ukiidai zaidi ya dola milioni 75 za kumlipa akae bila kufundisha. Chuo kinachotoa fedha hizo hakina ulimi wa kumwambia kocha anayefuata atulie, amtazame yule wa mwisho kwenye benchi. Timu zitaendelea kushinda, pengine upesi kuliko zamani, na ushindi wa kununua haupunguzwi pointi. Hasara yake haimo kwenye msimamo wa ligi. Imo kwa vijana ambao hatutawajua, kwa kuwa hakuna aliyelipwa kuwatazama.