Bima ya Vitu vya Kale: Tawakkul Isiwe Kisingizio

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki dunia. Ikiwa jumba la serikali, tena lililomo ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, halikusalimika, itakuwaje kwa aliyeweka nyumbani kwake makasha ya njumu, misahafu ya hati za mkono na riyali za fedha za Barghash za mwaka 1299 Hijria (1882)?

Wengi wetu hujibu: "Tumetawakkal." Jibu hili lina kasoro. Hadithi ya ngamia, aliyoipokea Tirmidhi, inatufundisha kufunga kwanza kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Tawakkul haikuja kufuta sababu.

Kundi la pili husema bima ni haramu, mazungumzo yamekwisha. Hii ni nusu ya maneno. Ni kweli kwamba Ibn Abidin wa Damascus (aliyefariki 1836), katika wanachuoni wa mwanzo kuijadili bima ya bahari, hakumhalalishia mfanyabiashara Muislamu fidia ya mkataba uliofungwa katika nchi ya Kiislamu. Lakini karne iliyofuata Sheikh Mustafa al-Zarqa aliijuzisha bima katika asili yake. Na Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah, ilipoiharamisha bima ya kibiashara mwaka 1985 kwa sababu ya gharar, ilitaja pia badala yake: bima ya ushirika iliyosimama juu ya tabarrui. Anayenukuu katazo na kuiacha njia iliyofunguliwa hajamtendea haki muulizaji.

Kundi la tatu hutosheka na jina. Takaful ilianza Sudan mwaka 1979, Kenya ikaipata mwaka 2011, na leo imefika kwetu. Basi wao huona kila kitu kimekwisha kuwa halali. Hapana. Vitu vya kale ni katika qimiyyat, si mithliyyat: kikipotea, hakuna mfano wake wa kurudisha, hurudishwa thamani tu. Thamani isipojulikana, gharar tuliyoikimbia iko pale pale. Kwa hiyo mwenye mali aandike orodha, apige picha kila kitu, atafute mthamini mwadilifu, na thamani iingie katika mkataba. Malipo nayo yasizidi hasara, kwani fidia si chumo.

Tena atazame ukurasa wa mwanzo wa kila kitabu. Kikiwa kimeandikwa wakfu, si mali yake hata kama amekirithi kwa babu yake. Kikiharibika na fidia ikalipwa, fedha hizo hununuliwa kingine mahali pake, haziingii mfukoni.

Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji Mkongwe maneno haya si fumbo. Aanze leo na orodha, kwani hiyo haina khilafu.

Wallahu aalam.