Nzima kwa Mita, Mbovu kwa Osiloskopu

Miaka ya mwanzo ya 2000, kompyuta nyingi duniani zilikufa kwa ugonjwa mmoja. Mashine inajizima yenyewe, inagoma kuwaka asubuhi, au inakwama kabla haijamaliza kupakia Windows. Ukifungua kava unakuta kapasita za elektrolaiti zilizopangwa kandokando ya prosesa zimevimba vichwa, na nyingine zimetapika uji wa kahawia juu ya mazabodi. Maji yaliyomo kwenye elektrolaiti yalikuwa yakishambulia alumini kwa sababu kemikali za kuyadhibiti zilikuwa pungufu. Gesi ya haidrojeni ilijaa ndani hadi mikato iliyochorwa juu ya kopo ikafumuka, ambayo ndiyo kazi yake. Nyingi kati ya kapasita hizo zilitoka viwanda vya Taiwan, ingawa balaa la kapasita mbovu halikuishia kwa watengenezaji wa mashine za bei rahisi: mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kushughulikia kompyuta zake za OptiPlex.

Zilizovimba hazikumsumbua fundi, kwa kuwa jicho linatosha. Kazi ilikuwa kwa zile zilizokaa pembeni zikiwa zimenyooka, safi, bila hata doa. Fundi anang'oa moja, anaipima kwa mita yenye sehemu ya kapasita, inasoma mikrofaradi 940 wakati ubavuni imeandikwa 1,000. Iko ndani ya kiwango. Anairudisha, analehemu, na mashine inagoma vilevile.

Mita ya kawaida huichaji kapasita taratibu na kuangalia imechukua muda gani kujaa. Kwa mwendo huo, ukinzani wa ndani wa ohmu moja au mbili haubadilishi jibu kwa kiasi cha kumshtua mtu. Pale kwenye mazabodi hali ni nyingine kabisa. Saketi inayoshusha volti 12 hadi volti moja na ushee ya prosesa inakata na kuunga mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara kapasita inatakiwa itoe na kupokea umeme papo hapo. Kapasita mpya ya aina hiyo ina ukinzani wa ndani, ambao mafundi wanauita ESR, usiofika ohmu 0.1. Ukipanda hadi ohmu mbili, ile kapasita inageuka tangi lililojaa maji ambalo koki yake imeziba kwa kutu: ujazo upo, lakini hautoki kwa kasi inayotakiwa.

Dawa ni kuipima kwa kasi ileile inayofanyia kazi. Kinachohitajika ni jenereta ya mawimbi yenye ukinzani wa ohmu 50 upande wa kutolea, osiloskopu, na kalamu ya kufanyia hesabu ndogo. Jenereta inawekwa mawimbi ya mraba ya kilohezi 100, volti 5 kutoka chini hadi juu. Kapasita ikiunganishwa moja kwa moja hapo, mkondo unaopita hubadilika kwa takribani miliampia 100 kila wimbi linapogeuka. Kwa masafa hayo, mikrofaradi 1,000 zenyewe hazitoi upinzani wa maana, hazifiki hata milioohmu mbili. Volteji yoyote itakayobaki kwenye miguu ya kapasita ni ya ule ukinzani wa ndani.

Hesabu inakuwa nyepesi. Kapasita yenye ohmu 0.05 itaonyesha ngazi ya milivolti 5, yaani nusu ya kisanduku kimoja cha skrini ukiweka milivolti 10 kwa kisanduku. Ile ya ohmu mbili itaruka hadi karibu milivolti 190 na kutoka nje ya skrini. Hakuna haja ya kubishana na namba tena.

Utamu zaidi uko kwenye kapasita ndogo. Weka ya mikrofaradi 10 kwenye mtambo uleule na umbo linagawanyika sehemu mbili: kwanza volteji inaruka wima, halafu inapanda kwa mteremko ulionyooka hadi wimbi ligeuke. Ule mruko wa wima ni ukinzani wa ndani. Mteremko ni uwezo wa kapasita. Kwa miliampia 50 zinazoingia kwa mikrosekunde tano (nusu ya wimbi moja), mikrofaradi 10 zinapaswa kupandisha volteji kwa milivolti 25. Ikipanda 50, nusu ya kapasita imeshaondoka. Picha moja inajibu maswali mawili, wakati mita hujibu moja tu, na hilo moja hulijibu kwa mwendo wa kinyonga.

Kuna mtego unaowanasa wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza. Kwenye kila kona ya wimbi huonekana ncha kali, ndefu kuliko ngazi yenyewe, na fundi anadhani kapasita imeoza. Ncha hizo zinatoka kwenye nyaya. Sentimita 10 za waya zina uindaktansi wa takribani nanohenri 100, na mkondo unapogeuka kwa ghafla namna ile unazalisha nusu ya volti kirahisi. Kwa hiyo nyaya za jenereta ziwe fupi, probu iguse miguu ya kapasita yenyewe wala si mwisho wa nyaya hizo, swichi ya probu iwe kwenye ×1 maana ×10 itaziua zile milivolti 5, na jicho lisome sehemu tambarare likiziacha ncha zipite. Faida kubwa ni kwamba kapasita nzima haipandishi volteji ya kutosha kuamsha daiodi wala transista zilizo jirani. Ndiyo maana kipimo hiki hufanyika bila kung'oa kitu, mradi umeme umezimwa na kapasita zimetolewa chaji.

Kwa daiodi, transista na IC, mbinu ni nyingine, na ni ya zamani. Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la miale ya elektroni huko Strasbourg mwaka 1897, na baadaye ikajulikana kwamba mwale unaweza kusukumwa kulia na kushoto kwa umeme mmoja, juu na chini kwa mwingine. Ukiacha kuchora muda na badala yake upande wa kulia na kushoto ukaupa volteji iliyo kwenye kifaa, juu na chini ukaupa mkondo unaopita ndani yake, kifaa kinajichora chenyewe. Tektronix ya Oregon iliuza mashine kubwa za kazi hiyo. Ile ya 576 ilikuwa na uwezo wa kutoa hadi volti 1,500. Hameg ya Ujerumani ikaingiza toleo dogo ndani ya osiloskopu zake za kawaida: matundu mawili mbele, kitufe kimoja, basi. Huntron ya jimbo la Washington, Marekani, imejenga biashara nzima juu ya wazo hilohilo.

Asiye na pesa ya vyote hivyo anahitaji transfoma ya volti 6 na rezista mbili. Ncha moja ya transfoma inapita kwenye rezista ya kiloohmu 1 na kufika mguu wa kwanza wa kifaa. Mguu wa pili unaungwa na rezista ya ohmu 100, ambayo inarudi kwenye ncha nyingine ya transfoma. Graundi ya osiloskopu inakaa pale kifaa kinapokutana na ile rezista ya ohmu 100. Chaneli ya X inashika mguu wa kwanza wa kifaa, chaneli ya Y inashika upande wa pili wa rezista, na kitufe cha kugeuza kinabonyezwa ili picha isiwe kichwa chini. Kilele cha volteji ni 8.5 hivi na mkondo haufiki miliampia 8. Vifaa vingi vinavumilia hilo.

Bila kitu chochote, skrini inaonyesha mstari wa kulala. Ukigusanisha probu, unasimama wima: shoti. Rezista inatoa mstari wa mshazari, kapasita inatoa duara lililobanwa, na daiodi inatoa mstari wa kulala unaokata kona kali kwenye volti 0.6. Kona hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Daiodi ya Schottky hukata mapema, kwenye 0.2 au 0.3, taa ya LED nyekundu husubiri hadi 1.8 hivi. Kona ikiwa ya mviringo, au ule upande wa kulala ukiinama, daiodi inavuja.

Mita ya mkononi, kwenye alama ya daiodi, hupitisha miliampia moja hivi na nyingi hazitoi zaidi ya volti tatu. Daiodi inayoanza kuvuja kwenye volti tano itapewa cheti cha uzima. Kwenye picha, mkia wake unaonekana umepinda.

Transista inaonyesha kitu ambacho vitabu vya shule hukitaja kwa haraka na kupita. Kati ya besi na kolekta ni daiodi ya kawaida, kona moja. Kati ya besi na emita kuna kona mbili: moja kwenye 0.6 upande wa mbele, nyingine upande wa nyuma kati ya volti 5 na 8 hivi, kwa sababu kiungo cha emita hakistahimili volteji kubwa ya kinyume. Kwa hiyo transista ambayo maandishi yake yamefutika inaweza kutambuliwa miguu yote mitatu ndani ya dakika moja, bila kitabu cha data. Tahadhari ndogo: kuishikilia emita kwenye kona ile ya nyuma kwa muda mrefu hupunguza ukuzaji wa transista na kuiongezea kelele. Kwa transista ya kwanza ya amplifaya ya maikrofoni, ione uondoke.

Kwenye IC, hakuna anayejaribu kuelewa umbo la kila pini. Pini nyingi zina daiodi za kinga ndani, moja kuelekea graundi na nyingine kuelekea umeme, na pini zinazofanya kazi moja hutoa picha zinazofanana. Pini nane za data zikipimwa mfululizo dhidi ya graundi, saba zikafanana na moja ikawa mshazari, mtu anajua aanzie wapi. Au anaweka bodi nzima na bodi mbovu sambamba, anagusa sehemu ileile ya kila moja. Mafundi wa simu wa Kariakoo na Luthuli Avenue hufanya jambo la karibu na hilo kwa mita yao kwenye alama ya daiodi, wakilinganisha namba; tofauti ni kwamba wao wanapata nukta moja ya mkunjo.

Mbinu hii ina mipaka, na ni vizuri isitangazwe zaidi ya uwezo wake. Mosfeti ya pawasaplai inayokatika kwenye volti 300 itapita salama kwenye 8.5. Kapasita ya pikofaradi chache kwenye herzi 50 haionekani, na ya mikrofaradi mia kadhaa inafanana na shoti. Tena vifaa vilivyounganishwa sambamba kwenye bodi hujichora pamoja, na kuvitenganisha kwa macho kunataka uzoefu.

Kuna na hatari. Graundi ya osiloskopu nyingi za mezani imeungwa moja kwa moja na waya wa ethi wa ukutani. Ukiibana klipu yake upande wa moto wa pawasaplai ya swichi iliyowashwa, penye volti zaidi ya 300 baada ya daiodi za kunyoosha mkondo, umepiga shoti kati ya umeme wa nyumba na ethi kupitia probu. Wapo wanaokata waya wa ethi wa osiloskopu ili "itulie". Huko ni kuihamishia hatari kwenye kava la chuma ambalo mkono unaligusa. Transfoma ya kutenganisha iwekwe kwenye kifaa kinachopimwa.

Kuhusu chombo cha kununua: osiloskopu kuukuu ya analogi ya megahezi 20, yenye chaneli mbili, inafaa kazi hizi zote, na kwa kuchora mikunjo mara nyingi inaipita ya dijitali ya bei ndogo, ambayo huonyesha nukta zilizotawanyika mahali ambapo mwale ungechora mstari laini. Vile vidude vya kujiunganishia vya DSO138 vina chaneli moja na upana wa kilohezi 200. Havina X na Y, na wimbi la mraba la kilohezi 100 linafika humo likiwa limeviringika kiasi cha kutotambulika.

Baada ya kubadilisha kapasita, kipimo cha mwisho hufanyika mashine ikiwa inawaka na ina mzigo. Probu inashika volti 12 kwenye kiunganishi cha pawasaplai, osiloskopu ikiwa kwenye AC na kichujio cha megahezi 20 kimewashwa, graundi ikiwa fupi kadiri inavyowezekana. Kanuni za ATX za pawasaplai za kompyuta zinaruhusu mawimbi ya milivolti 120 kwenye volti 12, na 50 kwenye volti 5 na 3.3. Ikizidi hapo, kuna kapasita nyingine iliyosahaulika, na mara nyingi ni ile ndogo iliyo karibu na hitisinki, ambayo imekaa kwenye joto miaka yote bila kuvimba.