Ustadi wa Kunena na wa Kunyamaza

Katika kibanda cha matangazo cha kiwanja cha Ebbets Field, huko Brooklyn katika jiji la New York, palikuwa na chombo kidogo cha kioo chenye mchanga ndani yake, cha namna ile itumiwayo na wapishi wa Kizungu kupimia dakika tatu za kuchemsha yai, nacho alikiweka mbele yake Red Barber, mtangazaji wa timu ya besiboli ya Dodgers tangu mwaka 1939, ili kila mchanga ukomapo kuteremka yeye akipindue na papo hapo awatajie wasikilizaji hesabu ya mabao. Alikuwa akimkumbuka mama aliyetoka kufungua redio yake wakati huo huo, na dereva wa teksi aliyekwisha kumshusha abiria akarejea kwenye usukani, na kinyozi ambaye kwa muda alizama katika kichwa cha mteja asisikie kitu. Watu hao hawakuwa na macho ila ya Barber, naye aliichukua amana hiyo kwa uzito wake.

Tarihi za timu za besiboli aghalabu huandikwa kwa majina ya warushaji na wapigaji, na kwa hesabu, kwani hakuna mchezo duniani unaopenda hesabu kama huo. Mimi nimelelewa na kandanda, na kandanda yenyewe niliijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho, kama wengi wa rika langu walioketi barazani na wazee wao kuizunguka redio moja. Na labda ndiyo sababu kila nisomapo habari za Dodgers, ambao wamejaliwa mashujaa wa kutosha, moyo wangu hukimbilia kibandani.

Barber alikuwa mtu wa Kusini mwa Marekani, mzawa wa Mississippi, aliyekuzwa katika desturi za kuwatenga weusi na weupe. Na mwaka 1945, Branch Rickey, mkuu wa timu, alipomnong'oneza kwamba amekusudia kumleta mchezaji mweusi, Barber alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa kazi ataiacha. Hakuiacha. Aliihoji nafsi yake, akaona kwamba hakuwa na fadhila yoyote katika rangi aliyozaliwa nayo, na kwamba alichoajiriwa kukifanya ni kusema yatendekayo kiwanjani. Basi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia mchezoni, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu kwa muda wa zaidi ya miaka sitini, lafudhi ile ya Kusini ilimtangaza kama ilivyomtangaza mwingine yeyote: amepiga, amekimbia, amefika, ametolewa. Matusi Robinson aliyapata tele, majukwaani na katika vinywa vya wapinzani. Redioni alipata insafu.

Mwanafunzi wa Barber alikuwa Vin Scully, mzawa wa Bronx wa mwaka 1927, ambaye alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi alizoea kutambaa chini ya redio kubwa ya nyumbani kwao, yenye miguu minne, akalala chali na kichwa chake chini ya spika, ili makelele ya umati wa mchezo uliokuwa ukichezwa mbali, baina ya vyuo ambavyo havikumhusu ndewe wala sikio, yammwagikie mwilini. Mchezo wenyewe hakuujali sana. Alichokipenda ni ule mvumo wa watu. Alipokwisha kuwa kijana, mnamo Novemba 1949, Barber alimpeleka Boston kutangaza mchezo wa futiboli ya Kimarekani, naye kwa kudhani kwamba atawekwa kibandani akaacha koti na glavu hotelini, akajikuta juu ya paa la kiwanja cha Fenway Park katika baridi kali, ana kipaza sauti, waya mrefu na balbu moja ya taa. Alitangaza mchezo wote akienda na kurudi juu ya paa lile kuufuata mpira, wala hakutamka hewani neno hata moja la kujililia. Barber alikuja kuzipata habari za paa kwa vinywa vya watu wengine, na mwaka 1950 akamweka kijana kando yake, akamfunza kwa ukali wa baba: afike kiwanjani mapema, azungumze na wachezaji kabla ya mchezo, asijifanye mshabiki, asiwasikilize watangazaji wengine asije akachukua sauti isiyo yake.

Watu wa Brooklyn wakati huo walikuwa mahodari wa kushindwa. Mara tano, katika miaka ya 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953, timu yao ilifika fainali kuu, World Series, ikakutana na Yankees wa jiji hilo hilo la New York, na mara zote tano ikatoka mikono mitupu. Hata ilipofika tarehe 4 Oktoba 1955, katika mchezo wa saba, Johnny Podres, mrushaji wa miaka 23, akawanyima Yankees hata bao moja. Gil Hodges akayaleta yote mawili ya Brooklyn. Na katika awamu ya sita Sandy Amorós, Mkuba aliyevaa glavu mkono wa kulia, akakimbia mbio ndefu hadi ukingoni upande wa kushoto, akaudaka mpira wa Yogi Berra ambao yamkini mwenye glavu katika mkono wa kushoto asingeuwahi. Alipotolewa mtu wa mwisho, Scully alitamka sentensi moja tu ya kuwaarifu watu kwamba Dodgers wa Brooklyn ndio mabingwa wa dunia, kisha akanyamaza. Walipomwuliza baadaye aliwezaje kuwa mtulivu kiasi kile, alijibu kwamba lau angeongeza neno moja, angelia.

Furaha ile haikukaa. Mwenye timu, Walter O'Malley, aliposhindwa kuelewana na wakuu wa jiji juu ya mahali pa kujenga kiwanja kipya, aliihamishia timu California, upande wa pili wa nchi. Tarehe 24 Septemba 1957 walihudhuria watu 6,702 tu katika mchezo wa mwisho wa Ebbets Field, na mwaka 1960 kiwanja kikavunjwa kwa tufe la chuma lililopakwa rangi lifanane na mpira wa besiboli, mzaha ambao hadi leo sijui ni nani aliyeona unafaa.

Huko Los Angeles timu iliwekwa kwanza katika Memorial Coliseum, uwanja mpana uliojengwa kwa ajili ya riadha na futiboli, ambamo mtu wa safu za juu alimwona mchezaji kama sisimizi. Watu wakaanza kuja na redio ndogo za transista, ikawa wanatazama kwa macho lakini wanaona kwa masikio, sauti ya Scully ikipanda kutoka katika maelfu ya mapaja. Siku moja ya mwaka 1960, mchezo ukiwa umepooza, aligundua kwamba siku ile ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory, akawaambia wenye redio kwamba atahesabu moja, mbili, tatu, nao wampongeze kwa pamoja. Akahesabu, uwanja mzima ukanguruma, na mwamuzi masikini akabaki ameduwaa. Na ni katika uwanja huo, usiku wa tarehe 7 Mei 1959, mbele ya watu 93,103, Pee Wee Reese, mchezaji mwenzake wa zamani, alipomsukuma katika kiti cha magurudumu Roy Campanella, yule mdakaji mkubwa wa Brooklyn ambaye ajali ya gari ya Januari 1958 ilimpoozesha kabla hajacheza California hata mara moja. Taa zikazimwa, na watu wakawasha viberiti.

Lakini anayetaka kuijua fani hii kwa undani wake na asikilize awamu ya tisa ya tarehe 9 Septemba 1965, Dodgers wakicheza na Cubs wa Chicago. Sandy Koufax alikuwa amekwisha kuwatoa wapigaji ishirini na wanne mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, na Scully, akijua kwamba maneno yake yanahifadhiwa katika utepe ambao mrushaji huyo atataka kuusikiliza uzeeni, alianza kwa kutaja tarehe, kisha akawa anataja saa kadiri dakika zilivyokwenda. Hakueleza nadharia yoyote ya urushaji. Alisema kwamba Koufax ameivua kofia, amepitisha vidole katika nywele zake nyeusi, ameivaa tena, anahangaika na ukingo wake. Alisema kwamba mahali pale anaposimama mrushaji lazima pawe ndipo mahali pa upweke kuliko pote duniani. Na baadaye kidogo, kofia ilipomwanguka Koufax kwa nguvu ya kurusha, msikilizaji aliyekwisha kuijua kofia ile aliuona mkazo mzima wa mtu yule. Hivyo ndivyo hufanya mafundi wa hadithi: hukupa kitu kidogo mkononi ukishike, ili kije kukushtua baadaye. Harvey Kuenn, wa ishirini na saba, akakosa pigo la mwisho. Koufax akawa ametoa watu 14 kwa kukosa. Naye Scully akaondoka kinywani mwa kipaza sauti, akawaachia watu 29,139 hewa yote kwa zaidi ya nusu dakika, ndipo akarudi na kusema kwamba ni saa tatu na dakika arobaini na sita za usiku. Maneno ya awamu ile yalinakiliwa na kuchapwa kitabuni, sawasawa yalivyotoka kinywani mwake.

Tarehe 8 Aprili 1974, huko Atlanta, Hank Aaron alimpiga Al Downing wa Dodgers pigo lake la 715 la kuvuka ua, akaipita rekodi ya Babe Ruth. Scully aliyekuwa akitangaza kwa niaba ya waliopigwa alinyanyuka akaenda nyuma ya kibanda, akauacha uwanja uvume; na aliporudi, alitaja kwamba mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama katika Kusini ile ya ndani. Hapo ninamsikia Barber. Na tarehe 15 Oktoba 1988, katika mchezo wa kwanza wa fainali, Kirk Gibson, mbovu wa miguu yote miwili, alipochechemea hadi mahali pa kupigia, timu ikiwa nyuma kwa bao moja na imebakiwa na mtu mmoja wa kutolewa, akaupeleka mpira wa Dennis Eckersley majukwaani, kimya cha Scully kilipita dakika nzima. Mtoto yule chini ya redio alikuwa bado anataka kuusikia umati.

Ustadi kama huo ndio uliofungiwa kabatini na wafanya biashara, maana kuanzia mwaka 2014, kwa ugomvi wa makampuni juu ya bei ya chaneli, nyumba nyingi za Los Angeles hazikuweza kumtazama katika televisheni kwa sehemu kubwa ya misimu yake ya mwisho. Alistaafu tarehe 2 Oktoba 2016 huko San Francisco, baada ya misimu 67, akafariki tarehe 2 Agosti 2022. Miaka yote hiyo alipenda kukaa kibandani peke yake, ili asemapo awe anasema nawe; siku hizi hukaa wawili na watatu, wakichekeshana wenyewe kwa wenyewe, na kioo chini yao kimejaa kasi ya mpira, pembe ya pigo na urefu wa masafa, na ukinyamaza mmoja mwingine hudaka, kana kwamba kimya ni hitilafu ya mitambo.

Sikatai kwamba wapo waliorithi kitu. Tarehe 25 Oktoba 2024, Freddie Freeman, mwenye kifundo cha mguu kibovu, alipopiga pigo la mabao manne lililowamaliza Yankees katika awamu ya kumi, kijana aliyekalia kiti cha Scully, Joe Davis, alimwita Gibson kwa jina lake la mkato kana kwamba anawakutanisha wachezaji wawili, akauachia umati nafasi. Mmoja, katika ligi nzima. Na kwetu, katika kandanda, bao likiingia, mtangazaji hupaza ukelele mrefu mpaka pumzi imwishie, akaja na jina la mdhamini kabla hajapumua sawasawa, na watu elfu sitini waliolipa viingilio, wanaoimba na kupiga vigelegele nyuma yake, nyumbani hawasikiki.