Vijana Wawili wa Masasi na Vitabu Vyao

Katika mitihani ya historia ya shule zetu kuna swali ambalo halizeeki. Maneno yake hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini maana ni ileile: eleza jinsi wamisionari, wapelelezi na wafanyabiashara walivyowatayarishia wakoloni njia. Nimelisahihisha swali hilo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa sekondari, baadaye nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu huku kusini. Jibu nalo halizeeki. Mwanachuo huandika hoja tano, kila hoja kwa sentensi mbili, akapata alama zake. Mmisionari wa jibu hilo hana umri wala jina. Haugui homa, hali ugali, hamwandikii mama yake barua.

Sisemi kwamba hoja hizo ni za uongo. Nyingi ni za kweli, na mtu wa Kilwa hahitaji kufundishwa ukoloni ulikuwa nini, maana pale Kivinje tunaonyeshwa tangu utotoni mahali uliposimama mwembe alikonyongewa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayejua hoja tano tu hajui alichofundisha. Kwa sababu hiyo nataka kuzungumza na msomaji juu ya vitabu viwili vya Kiingereza ambavyo wengi wetu hatujavishika, ingawa vinahusu njia tunayopita kila siku kwa basi, yaani njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi.

Cha kwanza ni maisha ya Chauncy Maples pamoja na barua zake zilizoteuliwa, kilichotolewa na dada yake mwaka 1897. Cha pili ni kumbukumbu za William Percival Johnson, ziitwazo My African Reminiscences, zilizochapishwa mwaka 1924. Wote wawili walisoma Oxford. Wote wawili walikuja Unguja mwaka 1876 na Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA, Maples akiwa na miaka 24 na Johnson 22. Ni umri wa vijana niliokuwa nikiwapokea chuoni na masanduku yao ya bati, nikawaonyesha mabweni.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Askofu Edward Steere, yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, alikuwa na watu waliokombolewa utumwani ambao kwao kulikuwa bara, upande wa Nyasa na Uyao. Wengi wa watu kama hao walikuwa wamepitishwa Kilwa Kivinje wakiwa wamefungwa. Mwishoni mwa mwaka 1876 aliwachukua kundi la wanaume na wanawake, akashuka nao Lindi, wakatembea kuelekea bara. Walipofika Masasi waliiona nchi ni njema, wakakaa. Steere akarudi Unguja, akamwacha Johnson. Maples akafuata mwaka 1877. Kwa barabara ya leo ni yapata kilomita 140. Kwa miguu, na mizigo ya vitambaa kichwani mwa wapagazi, hesabu ni nyingine.

Maana ya vitambaa hivyo inafaa ielezwe, kwa kuwa maisha ya kila siku ya vijana wale yalining'inia hapo. Kule bara fedha ilikuwa haina kazi kubwa. Kuku, unga, ujira wa mpagazi, zawadi ya kumpa mwenye nchi, vyote vilipimwa kwa merikani na kaniki. Vitambaa vikichelewa Lindi, jungu linapoa Masasi. Wenyewe hawakuwa na mshahara, ila matunzo tu, na desturi ya misheni yao ilikuwa kwamba mtu akiwa kazini haoi. Asubuhi sala, kisha shule, kisha kusimamia ujenzi na mashamba, kisha wagonjwa, na katikati ya hayo kujifunza lugha. Maples alikusanya maneno ya Kimakua, yakachapishwa mwaka 1879, miaka miwili tu baada ya kufika. Mwanafunzi wa namna hiyo ningempenda.

Ilikuwako pia kazi ambayo hakuna aliyewafundisha kule Oxford. Kijiji kile cha watu huru hakikuwa na jumbe, kwa hiyo kesi zililetwa kwa vijana wa Kizungu: nani kamwibia nani, nani kamchukua mke wa nani. Walijikuta mahakimu. Roland Oliver, katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya wamisionari wa Afrika Mashariki, amelieleza vizuri tatizo hili la vituo vya misheni kugeuka vidola vidogo kabla serikali yoyote ya Ulaya haijafika. Hii ni hoja ya sita ambayo wanachuo wetu hawaiandiki, na nadhani ni nzito kuliko zile tano.

Sasa vitabu. Cha Maples kina utamu wa barua. Kijana anaandika leo asichojua kesho yake. Anayeandika mwaka 1880 hajui kwamba Septemba mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wataivamia Masasi na kuchukua mateka, wala kwamba Steere atakuwa amefariki Unguja majuma machache kabla ya hapo. Hajui kwamba yeye atahamia Newala kwa Matola, kisha mwaka 1886 kisiwani Likoma. Hilo ndilo jambo ambalo kitabu cha historia hakiwezi kukupa hata kikijitahidi.

Lakini kitabu hiki kina kasoro kubwa. Maples alizama katika Ziwa Nyasa tarehe 2 Septemba 1895, akiwa na miaka 43, amewekwa uaskofu miezi michache tu. Inasimuliwa kwamba kanzu yake ya kikasisi ilimlemea majini, na kwamba aliwaambia watu wa mashua wajiokoe wao. Miaka miwili baadaye dada yake, ambaye bado yumo katika msiba, anakaa kuchagua barua za kuchapisha. Nani wetu angechagua tofauti? Angeweka barua ambayo ndugu yake anamnung'unikia mwenzake, au amekata tamaa, au amemwonea mtu? Matokeo yake ni kwamba tangu ukurasa wa kwanza tunasoma habari za mtu ambaye atakufa vizuri, na kila homa na kila safari inaelekezwa kwenye mashua ile. Kijana wa miaka 24 amefunikwa na askofu wa miaka 43. Baadaye wakamwekea na meli: Chauncy Maples iliteremshwa ziwani mwaka 1901. Mtu akishageuka meli, ni vigumu tena kumwona akitafuta kuku wa kununua.

Johnson ni kinyume chake. Yeye hakufa. Macho yake yaliharibika sana akiwa bado kijana, akaendelea kuzunguka ziwani karibu miaka 50, akafariki mwaka 1928. Kitabu chake alikitoa akiwa na miaka 70, na ni kitabu kigumu. Anaandika kama mzee anayezungumza barazani: anaanza safari ya kutoka Lindi, njiani anamkumbuka mtu, anaiacha safari na kumfuata mtu yule, na msomaji anabaki porini asijue ni mwaka gani. Kama angekuwa mwanafunzi wangu, insha yake ningeirudisha na wino mwekundu. Hata hivyo ndicho kitabu kilicho bora katika hivi viwili, na sababu ni hao watu anaowafuata. Wana majina. Wapagazi, walimu, majumbe, watu waliomwongoza njia na waliomficha alipoumwa: mzee huyu aliyepungukiwa macho anawakumbuka mmoja mmoja baada ya miaka 40. Hana haja ya kuonekana shujaa, maana shujaa wa familia alikwisha kupatikana.

Nina ugomvi nao wote wawili juu ya jambo moja. Watu wa pwani katika maandishi ya misheni ile aghalabu huonekana kama kivuli kibaya, watu wa hila, wauza watu. Mimi ni Mwislamu na mtu wa Kilwa, kwa hiyo msomaji apime maneno yangu. Mji wetu ulikula fedha ya biashara ile na hakuna haja ya kulifunika. Lakini lugha waliyohubiria waliichukua kwetu; Steere alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Unguja waliomsimulia hadithi, na bandari iliyowapokea ilikuwa Lindi ya watu wa pwani. Mtu hawezi kula chakula cha mwenye nyumba, akatumia maneno yake, kisha akamchora kwenye kitabu akiwa amesimama gizani tu.

Mwanachuo mmoja, binti hodari kutoka Nanyumbu, aliniuliza nilipokuwa nikieleza haya darasani: "Samahani, Mwalimu, hao vijana wanatofautiana nini na wale wa Dar es Salaam wenye mashati meupe na beji kifuani?" Alikuwa na maana ya Wamormoni, ambao hutembea wawili wawili. Lilikuwa swali zuri. Hao nao ni wadogo, wavulana huanza hata wakiwa na miaka 18, hutumikia miaka 2, wanajitegemea au wanategemea familia zao, na tangu mwaka 2019 wanaruhusiwa kuwapigia simu wazazi kila wiki. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwenye kuzungumza na mama yake kila wiki, na anayejua tarehe ya kurudi nyumbani, anajifunza nchi ya watu kwa namna moja. Asiyejua kama atarudi anajifunza kwa namna nyingine. Simbezi yeyote. Ila nashuku kwamba simu hizo hazitatuachia kitabu.

Na kuna kijana wa tatu. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani huko Unguja na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kupelekwa Chitangali, katika eneo la misheni ya Masasi, na mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupewa daraja hilo. Alikaa Chitangali mpaka mwaka 1897, pamoja na mkewe Lucy. Maana yake, wakati Maples na Johnson walikwisha kuhamia ziwani, kazi ya kila siku huku kwetu, ya shule, ya wagonjwa, ya kesi, ya kukaa vizuri na Jumbe Nakaam, ilikuwa mikononi mwake, na ni katika miaka yake Nakaam alibatizwa kwa jina la Barnaba. Wajerumani nao walifika katika miaka hiyohiyo. Kwa hiyo lile swali la mtihani lilimpata yeye kwa hakika zaidi kuliko lilivyompata Maples, aliyeondoka Newala wakati bendera ya Kijerumani haijapepea Lindi.

Majaliwa aliandika barua. Zimehifadhiwa pamoja na nyaraka za misheni huko Oxford, na wataalamu wachache wamezitumia. Hakupata dada wa kuziteua wala uzee wa kuandika kumbukumbu ambazo sisi tungezisoma. Barua za Maples zilipata mchapishaji ndani ya miaka miwili. Hizi zimengoja zaidi ya 120. Ningependa nakala zake zifike kwenye maktaba za vyuo vya Mtwara na Nachingwea, pamoja na tafsiri ya zile sura za Johnson zinazohusu Masasi, ambazo mwalimu mzuri wa Kiingereza angezimaliza katika likizo moja. Nina maswali ya kumwuliza padre yule. Alipofika Chitangali, watu walimwona ni Myao aliyerudi, au mtu wa pwani, au Mzungu mweusi? Lucy alipika nini vitambaa vilipochelewa Lindi? Na Wajerumani walipokuja mara ya kwanza, walimwendea nani kwanza, Nakaam au yeye?