Sikio la Fundi Mitambo

Kwenye taarabu, neno likipotea wimbo umeharibika. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa hilo. Mama anayeinuka kitini kwenye shughuli ya Ngamiani, noti mkononi, akajongea taratibu kwenda kutuza, hakuinuliwa na besi. Ameinuliwa na ubeti uliomgusa. Ameusikia wote, na amejua unamwendea nani. Baina ya kinywa cha mwimbaji na sikio la mama huyo pana maiki, nyaya, miksa, amplifaya na spika, na pana mtu mmoja ambaye ni nadra jina lake kutajwa jukwaani. Huyo ndiye fundi mitambo. Kazi yake ni kusikia kabla wengine hawajasikia, na kwa kazi hiyo anahitaji hedifoni ya kuaminika. Kuichagua ni sehemu ya ufundi wenyewe, nami naiheshimu sehemu hiyo kama ninavyoheshimu sauti ya mwimbaji.

Tanga ina haki ya kuzungumza juu ya jambo hili. Kuanzia miaka ya 1960, Black Star Musical Club, na baada yao Lucky Star, walipunguza ukubwa wa kundi, wakaweka gitaa la umeme na gitaa la besi mbele, wakaipa taarabu mwendo wa kuchezeka, ilhali Unguja bado walishikilia okestra za fidla, kanuni na udi. Bi Shakila Saidi, aliyefariki Agosti 2016, aliimba na makundi hayo, na zile rekodi zilizokusanywa London na GlobeStyle mwaka 1989 kwa jina la Nyota zinaonyesha jinsi maneno yalivyopewa nafasi yake. Lakini vyombo vya umeme vilileta kazi mpya. Udi ukipigwa hufifia upesi, ukampisha mwimbaji. Kinanda cha umeme hakinyamazi mpaka kidole kiinuke, na sauti yake hukaa pale pale inapokaa sauti ya binadamu. Kiswahili kina irabu nyingi, nazo husafiri mbali bila taabu. Konsonanti ndizo zinazozama. S, t, k na ch hutegemea sana mawimbi ya juu, kuanzia hezi 2,000 hivi kwenda mbele. Kinanda kikifunguliwa mno hapo, hadhira inabaki na irabu tupu na fumbo lote la mtunzi limekwenda na upepo.

Wengi hudhani fundi huvaa hedifoni ili aufaidi muziki. Muziki anausikia kwenye spika kama sisi sote, na kwenye spika ndiko anakochanganyia. Hedifoni ni ya kuulizia. Kila chaneli ya miksa ina kitufe kidogo. Akikibonyeza, chaneli hiyo peke yake inamjia masikioni na hadhira haina habari. Nilisimama nyuma ya fundi mmoja kwenye harusi, waitikiaji wanne wakiwa na maiki nne, na mkwaruzo ukaanza kuja na kutoweka. Aliweka upande mmoja wa hedifoni sikioni, mwingine akausukuma nyuma ya sikio. Akabonyeza chaneli ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatulia hapo. Mwitikiaji alikuwa ameishusha maiki yake, haimbi, lakini mkwaruzo uliendelea kila mtu alipokanyaga ubao karibu na sanduku la nyaya. Basi maiki ilikuwa nzima. Jeki ndiyo iliyokuwa imelegea. Akafunga chaneli, akamtuma kijana, waya ukabadilishwa kabla kiitikio hakijarudi. Bibi harusi hakugeuza hata shingo.

Ukishaona kazi hiyo inavyofanyika, utajua hedifoni ya namna gani inafaa. Zile zilizo wazi mgongoni, ambazo hupendeza studioni kwa sababu sauti hupumua, hapa hazina kazi: kelele za spika huingia moja kwa moja. Inatakiwa iliyofungwa, yenye mito inayoziba sikio barabara. Na hili la mito lisichukuliwe kijuujuu. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto, au mtandio ukikunjika vibaya, mwanya mdogo tu unatosha kuifukuza besi ndani ya hedifoni na kuiruhusu kelele ya nje. Fundi anayevaa miwani aijaribu akiwa na miwani yake. Anayevaa mtandio aijaribu juu ya mtandio, kwa sababu ndivyo atakavyofanya kazi.

Hata iliyofungwa vizuri ina mpaka wake. Huzuia vizuri mawimbi mafupi ya juu, lakini besi haizuiliki hivyo. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Linapita kwenye mifupa, linapita kifuani, linafika sikioni bila kupitia hedifoni. Kwa hiyo fundi mzoefu haiulizi hedifoni kuhusu besi wakati spika zinanguruma. Anaiuliza kuhusu maneno, kuhusu mkwaruzo, kuhusu maiki ya fidla inayookota tabla. Ndiyo maana namwonea huruma kijana anayenunua hedifoni za mtaani zilizotiwa besi kwa makusudi. Zinamfurahisha ndani ya daladala, kisha zinamdanganya kazini, kwa kuwa eneo la katikati, yanapokaa maneno, zimelifukia. Hedifoni ya kazi haibembelezi. Mwimbaji akiwa na mafua iseme ana mafua.

Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, imedumu kwenye redio na seti za filamu duniani kwa sababu hiyo: inaonyesha kila mkwaruzo, kwa ukali kidogo ambao wengine hawaupendi lakini mimi nauona ni fadhila. Sennheiser HD 25, ya mwaka 1988, ndiyo ninayoichagua kwa kazi ya jukwaani. Haizungukii sikio, hukaa juu yake na kulibana, na baada ya saa tatu utalijua hilo. Lakini ni nyepesi, kama gramu 140 bila waya. Upande mmoja unageuka ili sikio lingine libaki wazi kwa ukumbi. Na kila kipande chake, kuanzia waya hadi mto, kinafunguka na kubadilishwa. Beyerdynamic, kampuni ya Ujerumani iliyoanza kutengeneza hedifoni mwaka 1937, ina DT 770 PRO inayostarehesha zaidi, ila hapo mnunuzi aangalie namba. Iko ya omu 80 na iko ya omu 250. Miksa nyingi ndogo tunazotumia pwani zina tundu dhaifu la hedifoni, na ile ya 250 ikichomekwa humo itasikika kwa mbali, hasa pale spika zinapokuwa jirani. Hiyo mwachie mtu wa studio.

Kwenye uwanja mpana kama Tangamano huzuka jambo lingine, na ni jambo tamu kwa anayependa kazi hii. Fundi akikaa mita 25 kutoka spika, sauti ya hewani humfikia baada ya milisekunde 70 hivi, wakati ile ya waya inamfikia papo hapo. Sikio moja linasikia neno, la pili linalisikia baadaye, na kichwa kinayumba. Miksa nyingi za kidijitali humruhusu kuichelewesha sauti ya hedifoni kwa kiasi hicho hicho, mbili zikakutana. Akishaziunganisha, uwanja mzima unasogea karibu, na anaweza kukaa nao usiku kucha bila kuchoka.

Kuchoka kwenyewe ni hatari kubwa. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 ni robo saa tu. Shughuli inayoanza baada ya isha haimalizwi kwa robo saa. Fundi mwenye hedifoni inayovuja ataongeza sauti ili aishinde spika, ataongeza tena, na miaka michache baadaye konsonanti zile zile alizokuwa akizilinda ndizo za kwanza kumtoka. Hedifoni inayoziba vizuri inamwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini, na kwangu sifa hiyo inatangulia chapa na bei.

Pwani nayo ina masharti yake. Chumvi ya hewa ya Raskazone hula jeki. Jasho hubandua ngozi bandia ya mito mpaka vipande vyeusi vinabaki masikioni. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama mito ya akiba na waya vinapatikana, ama Kariakoo ama kwa kuagiza, na ufungue uone kama fundi wa mtaani anaweza kulehemu waya ukikatika. Feki zimejaa, na boksi zake zinafanana na za kweli. Kinachozisaliti ni sikio. Nenda dukani na wimbo unaoujua kwa moyo, wenye mwimbaji mmoja na fidla moja, uliorekodiwa vizuri, bila kuongezwa besi. Sikiliza pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti, sikiliza upinde unapogusa uzi, kisha punguza sauti mpaka karibu inyamaze na uangalie kama maneno bado yanasomeka. Yakisomeka hapo, lipa, na siku hiyo hiyo nunua mito ya akiba.