"Chanya ya Uongo": Istilahi Inayomshitaki Mpimaji

Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipotufikia, lilienea katika lugha yetu neno *chanya ya uongo*, yaani majibu yaonyeshayo kuwa mtu ana virusi hali hana. Twaona istilahi hii haifai.

Neno *chanya* lenyewe lina utata. Mwanahisabati analiridhia, lakini kwa msomaji wa kawaida mtazamo chanya ni mtazamo mwema, na mgonjwa aambiwaye kipimo chake ni chanya aweza kushukuru. Hata hivyo limekwisha kuzoeleka, tuliache.

Kasoro kubwa ni *uongo*. Katika Kiswahili uongo haukosi mwenyewe. Tarehe 3 Mei 2020, huko Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopewa majina ya watu, zimeonyesha virusi. Siku ya pili mkuu wa maabara ya taifa alisimamishwa kazi. Wakati huo sampuli zilipimwa Dar es Salaam. Mkaaji wa Namasakata, mkoani Ruvuma, maabara hakuiona, lililomfikia ni neno tu. Akisikia *uongo*, au *uchafuzi*, afahamu nini ila kwamba fulani amedanganya, au hakunawa mikono?

Hatuamui hapa nini kilitokea katika mkasa ule. Lakini kosa la namna hii laweza kuzuka pasipo mdanganyifu wala uchafu uonekanao. Kipimo cha PCR huzidisha chembe za urithi mara mbili kila mzunguko. Baada ya mizunguko 30 nakala moja huzaa zaidi ya bilioni moja. Tone lisiloonekana, lililosalia kutokana na kazi ya jana, latosha kuharibu majibu ya leo. Ndiyo maana hupimwa pia maji matupu. Mapema mwaka huohuo, vipimo vilivyotengenezwa na CDC ya Marekani vilionyesha virusi hata katika maji hayo, na hakuna atakayesema pale pamekosekana sabuni.

Twapendekeza *chanya potofu*. Wapo wapendao *batili*, lakini hilo lahitajika kwa kipimo kisichosomeka kabisa. Ni kweli *mpotofu* ni tusi; hata hivyo hesabu potofu haimtukani mtu. *Uchafuzi* libaki kwa mito na hewa. Kwa tone lile la jana *masalio* latosha, na sampuli iliyoguswa nalo iitwe *iliyochanganyika*. Wahudumu wa maabara wenye neno wanalolitumia wao kwa wao, watuletee.