Heko, Fundi Pancha wa Mkwajuni

Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Mkwajuni, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Chunya, ikawa makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Zikaja ofisi na magari ya serikali. Mimi lakini nampa heko fundi pancha wa kando ya barabara, ambaye hatajwi kwenye risala yoyote.

Zamani aliishi kwa baiskeli: mnyororo, breki, spoki. Siku hizi ni bodaboda, tena zinazobeba viroba vya mawe ya dhahabu kwenda kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), mzigo ambao tairi lile halikuumbiwa. Anatoa mpira wa ndani kwa bisibisi mbili, anaujaza upepo, anauzamisha kwenye beseni na kusaka povu. Anaukausha, anasugua kwa msasa, anapaka gundi, kisha anangoja. Mwenye haraka huambiwa: “Tulia kaka, ukibandika ikiwa mbichi utarudi.” Halafu hupapasa tairi kwa ndani, mwiba ukibaki, kazi yote bure.

Leseni ukutani hana (hata ukuta wenyewe hana). Ila malipo anapokea kwa simu, na wachimbaji wa dhahabu kule Saza wanayo namba yake.